Emuleta ndani ya shoki: historia fupi ya mguu wa mbele wa pikipiki

Neno emuleta wengi wetu tulilijua kupitia michezo ya video. Mtu ana kompyuta ya kawaida, anaweka programu ndogo, na mchezo wa Nintendo wa miaka ya 1980 unacheza kwenye skrini yake bila mashine ya Nintendo kuwepo. Programu inaiga tabia ya kifaa kingine, basi.

Leo tuzungumzie emuleta isiyo na hata mstari mmoja wa kodi. Ni valvu ndogo ya chuma inayotosha kiganjani. Inatumbukizwa ndani ya shoki ya mbele ya pikipiki ya zamani, na kazi yake ni kuifanya shoki hiyo itende kama ya kisasa. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu alihitaji kubuni kitu hicho, na kama wewe mwenye pikipiki kuukuu unakihitaji, lazima turudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Springi peke yake haitoshi

Pikipiki za kwanza zilikuwa kama baiskeli zilizofungwa injini. Gurudumu la mbele lilishikwa na uma mgumu, na kila shimo la barabarani liliishia kwenye mikono ya dereva. Wahandisi wakaanza kuweka springi. Mwaka 1908 Mwingereza Alfred Angas Scott alitoa pikipiki ambayo mbele ilikuwa na mirija inayoingiana, mmoja ukiteleza juu ya mwingine. Kwa macho ya leo ungesema hizo ni shoki za kawaida kabisa. Hata hivyo watengenezaji wengi walishika njia nyingine, ile ya fremu ya vyuma iliyounganishwa kwa viungo na springi, na umbo hilo likatawala kwa miaka mingi.

Mirija ilirudi mwaka 1934, na iliyoirudisha ni kampuni ya Denmark iliyojulikana zaidi kwa mashine za kufyonza vumbi! Ndiyo, Fisker & Nielsen, watengenezaji wa Nilfisk, walitoa pikipiki ya Nimbus yenye shoki za mirija. Lakini mwanzoni zilikosa kitu kimoja muhimu.

Springi haili nguvu, inaiweka akiba na kuirudisha. Ukigonga tuta, springi inabonyea, halafu inakurusha juu, halafu inabonyea tena. Pikipiki inadundadunda kama mpira, na kila gurudumu linapopoteza mshiko wa barabara, breki na usukani havina maana. Kinachohitajika ni kitu cha kula ile nguvu na kuigeuza joto. Mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ilitoa modeli za R12 na R17 zikiwa na shoki za mirija ambazo ndani yake mlikuwa na oili. Hizo ndizo pikipiki za kwanza za kuuzwa sokoni zilizotulizwa kwa oili namna hiyo. Nimbus nao waliongeza oili mwaka 1939. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, jeshi la Uingereza lilipata Matchless G3/L ya mwaka 1941 yenye shoki za aina hiyo, na baada ya vita karibu kila kiwanda kikafuata.

Tundu lisilojua kufikiri

Sasa tufungue shoki yenyewe. Katika shoki za kawaida za zamani, ndani mna mrija mwembamba wenye matundu. Gurudumu linapopanda, oili inasukumwa kupitia matundu ya chini. Linaposhuka, oili inapitia tundu dogo la juu. Kupenya kwenye tundu kunaichelewesha oili, na huko kuchelewa ndiko kunakotuliza springi. Muundo huu ni rahisi, wa bei nafuu, na haufi upesi. Ndiyo maana hadi leo pikipiki ndogo kama Boxer zinazojaa kwenye steji za bodaboda hutumia shoki za namna hiyo.

Tatizo ni hesabu. Oili inapopita kwa kasi kwenye tundu, ukinzani wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukiwa mara 2, ukinzani unakuwa mara 4. Mwendo ukiwa mara 5, ukinzani unakuwa mara 25. Unaposhika breki, shoki inabonyea polepole, kwa hiyo tundu halizuii kitu na pua ya pikipiki inainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Unapogonga ukingo wa shimo, shoki inatakiwa kubonyea haraka sana, na hapo tundu lile lile linaziba kabisa. Mshtuko wote unapanda mikononi.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ni kama namba iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya kodi. Mhandisi alichagua ukubwa wa tundu siku moja kiwandani, na baada ya hapo shoki haiwezi kubadili uamuzi. Akitoboa tundu kubwa, pikipiki inainama mno. Akitoboa dogo, inakuwa ngumu kama jembe.

Njia za kando

Watu hawakukaa kimya. BMW wenyewe, waliokuwa wa mbele katika shoki za mirija, waliziacha mwaka 1955 wakatumia uma wa mikono ulioitwa kwa jina la Mwingereza Ernie Earles, na hawakurudi kwenye mirija hadi mwaka 1969. Honda Super Cub ilipotoka mwaka 1958 nayo ilitumia mikono mifupi mbele, si mirija.

Halafu mwaka huo huo wa 1969 Honda CB750 ilileta breki ya diski ya mbele kwa pikipiki ya kutengenezwa kwa wingi. Breki ikawa kali, na kuinama kwa pua kukawa tatizo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walijaribu vifaa vya kuzuia kuinama. Suzuki, kwa mfano, waliunganisha breki na shoki kwenye Katana, ili ukibana breki njia ya oili nayo ibanwe. Lilikuwa wazo la werevu, lakini kuna kasoro. Ukikutana na shimo huku umeshika breki, shoki tayari imekazwa, na huo ndio wakati unaohitaji ilegee. Kabla muongo haujaisha vifaa hivyo vilikuwa vikitoweka.

Jibu lililodumu lilikuwa katriji, iliyoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, hasa kwenye pikipiki za motokrosi. Badala ya tundu tupu, oili inakutana na vibati vyembamba vya mviringo vilivyopangwa juu ya pistoni. Mwendo ukiwa wa polepole vinabaki vimefunga na kukaza. Mshtuko ukija ghafla vinapinda na kufungua njia pana. Yaani tundu sasa linajirekebisha lenyewe.

Vipi sasa wenye za zamani?

Mamilioni ya pikipiki zilibaki na mirija yenye matundu, na kununua shoki mpya nzima ni gharama ambayo pikipiki yenyewe haiistahili. Hapo ndipo Race Tech ya California, iliyoanzishwa na Paul Thede, ilipokuja na emuleta ya katriji. Ni valvu inayokaa juu ya ule mrija wa ndani na kushikiliwa na springi kuu. Ina vitundu vidogo vya mwendo wa polepole, na mlango unaozuiwa na kispringi chake. Presha ikizidi, mlango unafunguka. Ili ifanye kazi, matundu ya chini ya mrija hupanuliwa na mengine kuongezwa yasizuie oili tena, na valvu ndiyo inabaki kuamua. Tundu la juu haliguswi, kwa hiyo shoki inaporudi bado inategemea uzito wa oili. Kumbuka tu kwamba chuma kilichotobolewa hakina kitufe cha kurudisha.

Pesa ianzie wapi

Historia hii inatupa mpangilio wa matumizi, na ni rahisi kuufuata.

1. Anza na uzima. Sili zinazovuja, mirija iliyopinda na beringi za stelingi zilizolegea havitibiwi na kifaa chochote kipya.

2. Badilisha oili. Oili ya miaka mingi imejaa uchafu na unga wa chuma. Weka kiasi kile kile kila upande. Jihadhari na namba za 10W na 15W, kwani hazilingani kutoka kampuni moja hadi nyingine. Na usidhani oili nzito ni dawa ya kuinama. Inasaidia kidogo kwenye breki, lakini kumbuka kile kipeo cha pili: kwenye mashimo utalia.

3. Pima mzamo. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye mrija wa ndani hadi iguse sili, keti ukiwa na mzigo wako wa kawaida, shuka taratibu, inua pua ya pikipiki hadi shoki inyooke, kisha pima kamba imesogea kiasi gani. Kwa barabara, kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shoki ni sawa. Ukizama kidogo zaidi ya hapo, kipande cha bomba la PVC kilichokatwa vizuri juu ya springi kinatosha. Lakini elewa kwamba bomba hilo linainua pikipiki tu, haliifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Ukizama sana, nunua springi zinazolingana na uzito wako.

4. Emuleta mwishoni, kama kipenyo cha shoki zako kinapatikana na kama fundi wako anajua anachotoboa.

Wengi huanza na namba 4 au hukimbilia oili nzito, kisha wanashangaa pesa zimekwenda wapi. Kwa anayebeba abiria kila siku, hii si anasa. Gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, na gurudumu lililo hewani halisimamishi chochote. Hatua tatu za kwanza zinaweza kufanywa Jumamosi moja na fundi wa mtaani, na ndizo zinazolirudisha gurudumu chini.

Haya, kazi kwenu.