Dhahabu ya Makaisari na Tanuri la Wezi

Katika karne ya 6, Cosmas, mfanyabiashara wa Iskandaria aliyefika hadi bandari ya Adulis katika Eritrea ya leo, alisimulia mabishano yaliyotokea mbele ya mfalme wa Sri Lanka. Mwajemi mmoja alidai kuwa mfalme wake hana mfano. Sopatros, mfanyabiashara Mrumi, akaomba sarafu za pande zote mbili ziletwe. Ya Kiajemi ilikuwa ya fedha, ya Kirumi ilikuwa dhahabu inayong'aa. Mrumi akashinda. Kisa kina harufu ya kujisifu, maana Cosmas mwenyewe alikuwa raia wa Rumi, lakini sarafu hiyo ilistahili sifa.

Ni solidi, iliyoanzishwa na Kaisari Constantine mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja ikiwa na gramu 4.5 hivi. Makaisari walipinduana na kuuana, Roma yenyewe ikaanguka, ila dhahabu ya Konstantinopoli, mji mkuu wa Rumi ya Mashariki (Bizanti), haikuchakachuliwa sana mpaka karne ya 11. Mwishoni mwa karne ya 7, Justinian II alithubutu kuweka sura ya Kristo upande wa mbele, na sura yake mwenyewe ikahamia nyuma.

Kuzikusanya sarafu za Kirumi ni mapenzi ya zamani. Mwaka 1354 mshairi Petrarch alimpa Charles IV baadhi ya zake, ili mtawala huyo ajifunze kwa waliomtangulia. Karne ya 20 ilikuwa na mwanahistoria Philip Grierson wa Cambridge, aliyenaswa na sarafu moja ya Kaisari Phocas aliyoikuta kwenye vitu vya baba yake, tena ya shaba! Baadaye ndiye aliyeijenga hazina ya sarafu za Bizanti ya taasisi ya Dumbarton Oaks, Washington.

Lakini kinachofanya sarafu hizi zifichwe na kutunzwa ndicho pia kinachoziua. Novemba 1831 wezi walivamia chumba cha sarafu cha maktaba ya kifalme mjini Paris. Walibeba sarafu za makaisari wa Mashariki zilizofukuliwa mwaka 1653 huko Tournai, katika kaburi la Childeric, mfalme wa Wafranki. Walibeba pia nishani ya Justinian I iliyopatikana Kapadokia mwaka 1751: gramu 164 hivi, uzito wa solidi 36, kaisari akiwa juu ya farasi na mungu wa kike Ushindi, mwenye mabawa, akimtangulia. Hakukuwa na nyingine kama hiyo. Wezi hawakuwa na haja na sura wala maandishi. Walitaka dhahabu tu. Baadhi ya vitu viliopolewa kutoka mto Seine. Nishani ilikwisha kuyeyushwa.

Kwa bahati, ilikuwa imechukuliwa chapa kabla ya wizi. Atakaye kuiona leo ataiona kwa nakala tu, na mojawapo iko British Museum, London.