Fortran ndani ya utabiri wa mvua za Meru

Kila mwaka, kabla Oktoba haijaingia, wakulima wa chai na kahawa wa Githongo, Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hungoja neno kutoka Idara ya Hali ya Hewa: mvua zitazidi kawaida, zitapungua, au zitakuwa za wastani? Jibu hilo fupi hupitia kwenye programu za lugha mbili zilizozaliwa miongo mitatu mbali.

Ya kwanza ni Fortran. IBM iliitoa mwaka 1957, kazi ya kikundi cha John Backus. Mwanasayansi aliandika fomula zake, kisha kompaila ikazigeuza zote kwa mkupuo kuwa amri za mashine kabla hesabu haijaanza. Kasi ilipatikana, lakini ukikosea koma moja, ulirudi na kadi zako zilizotobolewa kupanga foleni upya.

Lugha za skripti zilikuja kuondoa adha hiyo. Hizi hufasiriwa na kutekelezwa papo hapo, amri baada ya amri. Mtu huandika, huona jibu, husahihisha. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba kadhaa kati yake zilibuniwa makusudi ili kuiendesha Fortran. John Chambers na wenzake wa Bell Labs walianza lugha ya S mwaka 1976 ili mtakwimu aziite hesabu zilizokwisha kuandikwa bila kutunga programu nzima. Cleve Moler naye aliunda MATLAB ya kwanza kwa ajili ya wanafunzi wake wa New Mexico, wapate kutumia maktaba za Fortran wasilazimike kuijua.

Lugha ya pili, Python ya Guido van Rossum, ilitoka mwaka 1991. Kwa hesabu ndefu ilikuwa goigoi mno, hadi Jim Hugunin alipoanzisha maktaba ya hesabu ya Numeric mwaka 1995, Pearu Peterson wa Estonia akaandika f2py, chombo cha kuiunganisha Python na Fortran, na Travis Oliphant akatoa NumPy 1.0 mwaka 2006. Leo vijana husema Python imeizika Fortran. Wangetazama chini ya sakafu kidogo: mstari mmoja wa NumPy unaozidisha majedwali mawili makubwa kwa kawaida huishia kwenye kazi iitwayo DGEMM, jina lililobanwa hivyo kwa kuwa Fortran ya zamani haikuruhusu zaidi ya herufi sita.

Afrika Mashariki iliingia katika kisa hiki kupitia mvua. Baada ya mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika walianza Februari 1998 kukutana kuandaa utabiri wa msimu. Chombo kimojawapo kilichozoeleka kwao ni CPT, programu ya Fortran kutoka taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia. Inalinganisha joto la bahari, au matokeo ya modeli za dunia, na mvua za miaka iliyopita, kisha inakisia msimu ujao. Kwenye Windows mtabiri alibofya menyu: faili la kwanza, faili la pili, eneo, miaka. Akitaka kujaribu modeli nyingine, anaanza upya. Kazi ya kuchosha, na mchovu hukosea.

Hapo ndipo PyCPT ilipofaa. Watengenezaji wake hawakuiandika CPT upya. Toleo la awali la skripti hiyo ya Python lilikuwa likiandika faili la namba zilezile ambazo mtu angezichapa kwenye menyu ya CPT isiyo ya kubofya, 611 kwa njia moja ya takwimu, 612 kwa nyingine, kisha likaielekeza Fortran izisome moja baada ya nyingine. Ujanja wa kifundi usio na urembo wowote, lakini modeli kadhaa zikaweza kupimwa kwa amri moja, na mwenzako akarudia hesabu hiyohiyo akapata jibu lilelile.

Suala la kurudia lina uzito. Kwa miaka mingi ramani ya kanda ilitokana na makubaliano ya wataalamu mezani, na wengi wao walipendelea kuegemea wastani. Mwaka 2019 ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hiyo, chenye makao Nairobi, kilihamia kwenye utaratibu wa hesabu ambao hatua zake zinaweza kufuatwa. Utabiri wake wa Oktoba hadi Desemba 2023 ulisema mvua zitazidi kawaida, na mafuriko yakaja.

Mvua za Machi hadi Mei ni ngumu zaidi kutabiri. Uhusiano wake na joto la bahari ni dhaifu, na skripti, hata ikiizungusha Fortran usiku kucha, huupata udhaifu uleule, ila kwa haraka.