Uteuzi wa Vijana wa Besiboli na Hukumu ya Washabiki

Mwezi wa Juni mwaka 2001, timu ya besiboli ya Minnesota Twins ilipewa nafasi ambayo timu hupewa mara chache: kutangulia kuchagua kijana mmoja miongoni mwa vijana wote wa Marekani waliokuwa hawajaingia katika mchezo wa kulipwa. Ikamchagua Joe Mauer, mdakaji wa miaka 18 aliyekuwa ndiyo kwanza amalize shule ya sekondari katika mji wa Saint Paul, mwendo mfupi kutoka uwanja wa timu yenyewe. Uchaguzi huo haukupokewa kwa shangwe na kila mtu. Washabiki wengi na waandishi wengi wa magazeti waliona kwamba timu yao imekwepa gharama, na kwamba imekiacha kito na kuokota kilicho karibu na mlango.

Ili lawama ile ieleweke, yafaa kwanza asili ya uteuzi ijulikane. Kabla ya 1965 kijana hodari alikuwa huru kujifunga na timu yoyote itakayomtolea fedha nyingi zaidi. Mwaka 1964 timu ya Angels ilimlipa Rick Reichardt, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, dola 205,000 kwa kutia sahihi tu. Wenye timu walishtuka. Wakaona kuwa wakiendelea kushindana hivyo watafilisiana. Basi wakaweka sheria kwamba kila kijana atakuwa na mnunuzi mmoja, na kwamba timu zitachagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia na iliyofaulu ikifuata nyuma. Sheria hiyo husifiwa kuwa ni ya kuwainua wanyonge, na kweli imewainua baadhi yao, lakini haja iliyoizaa ilikuwa kuufunga mfuko. Rick Monday, kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa mwaka 1965, alipata takriban nusu ya fedha za Reichardt. Vijana wa ng'ambo hawakuingizwa katika mpango huo: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2017 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza katika ligi kuu, aliandikishwa na Pittsburgh Pirates bila kuteuliwa.

Miaka ya mwanzo washabiki hawakuwa na la kusema juu ya uteuzi. Majina yalitangazwa, lakini nani aliyewahi kumwona kijana wa shule ya mji mdogo wa California? Hukumu ilikuja baadaye, tena kwa ukali. Mwaka 1966 New York Mets, wakiwa wa kwanza, walimchagua Steve Chilcott, mdakaji wa shule ya sekondari. Timu ya pili, Kansas City Athletics, ikamchukua Reggie Jackson wa Chuo Kikuu cha Arizona State. Chilcott aliumia bega mwaka 1967, akahangaika katika ligi ndogo, na hakucheza mchezo hata mmoja wa ligi kuu. Jackson alipiga mipira 563 ikavuka ukuta wa uwanja, na mwaka 1993 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Jackson, ambaye ni mtu mweusi, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliambiwa na kocha wake kuwa Mets watamwacha kwa sababu ya rangi ya msichana aliyekuwa mchumba wake. Wakuu wa Mets walikana. Walisema walihitaji mdakaji. Maneno hayo mawili hayajapatanishwa hata leo, na washabiki wa Mets waliohesabu makosa ya timu yao hawakuacha kuanzia hapo.

Ujuzi wa washabiki uliongezeka katika miaka ya 1980, baada ya gazeti la Baseball America kuanza kufuatilia vijana wa vyuo na shule. Lakini aliyeifundisha hadhira kuhukumu kwa hesabu ni Bill James wa Kansas, mshabiki ambaye alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo alipochapa kijitabu chake cha kwanza mwaka 1977. James hakuwa amecheza wala kufundisha katika ligi yoyote. Alichukua orodha za uteuzi wa miaka iliyopita, akalinganisha vijana wa vyuo na vijana wa sekondari waliochaguliwa katika nafasi zilizolingana, akaona kwamba wa vyuo walileta faida kubwa zaidi. Wakaguzi wa timu walikuwa wakiamini kinyume chake, kwa kuwa kijana wa sekondari huonekana ana nafasi ya kukua. Wengi walipuuza. Hata hivyo hesabu ilikuwa mbele ya kila mtu, na mwaka 2002 timu ya Boston Red Sox ikamwajiri mlinzi huyo wa zamani awe mshauri wake.

Sasa yatazamwe mambo kama mshabiki wa Minnesota alivyoyatazama mwaka 2001. Mbele yake palikuwa na Mark Prior, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye wakaguzi wengi walimtaja kuwa ndiye mrushaji bora wa chuo aliyepata kuonekana. Alikuwa tayari; alihitaji miezi, si miaka. Kwa upande wa pili palikuwa na mdakaji wa sekondari, yaani kazi ileile na umri uleule wa Chilcott. Mdakaji huchuchumaa mamia ya mara katika kila wiki ya mchezo, na magoti yake huchakaa upesi. Hesabu za James zilikuwa upande wa Prior. Na kumbukumbu chungu ya 1966 ilikuwa upande huohuo.

Yalikuwapo pia madeni ya nyumbani. Mwaka 1983 Minnesota ilimchagua Tim Belcher wa kwanza, akakataa kutia sahihi. Mwaka 1993 ilimchagua Jason Varitek, naye asijiunge. Mwaka 1996 ilimchagua Travis Lee katika nafasi ya pili, ikachelewa kumpelekea mkataba rasmi katika siku zilizowekwa, kijana akawa huru na kwenda kwingine kwa fedha nyingi mno. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Prior atadai fedha za kutisha, na timu ikamchagua mtoto wa jirani, mshabiki hakuhitaji kuambiwa sababu. Chicago Cubs, waliofuata, walimpa Prior dola milioni 10.5, Mauer alipata kama milioni 5. Novemba ya mwaka huohuo wenye timu walipiga kura ya kuzifuta timu mbili za ligi kuu, na Minnesota ikatajwa kila mahali kuwa mojawapo. Timu haikufutwa, lakini kwa miezi kadhaa watu wa Minnesota waliishi na fikira kwamba huenda wamebishania uteuzi wa timu isiyokuwapo tena.

Mwaka 2003 walalamikaji walionekana kuwa na haki yote. Prior, akiwa na miaka 22 tu, alishinda michezo 18 na kushindwa 6. Mauer alikuwa bado katika ligi ndogo. Oktoba 14 ya mwaka huo Prior alisimama kilimani akiongoza 3 kwa 0, zimebaki hatua tano tu Cubs waingie fainali ambayo hawakuiona tangu 1945. Kisha kipindi cha nane kikaharibika, Marlins wakapata mikimbio minane. Baada ya hapo mwili wake ulimsaliti: mguu, kiwiko, ambapo mpira uliopigwa kwa nguvu ulimgonga mwaka 2005, na mwishowe bega. Mchezo wake wa mwisho katika ligi kuu ulikuwa 2006. Alishinda michezo 42 kwa jumla.

Mwaka huohuo wa 2006 Mauer alikuwa mdakaji wa kwanza wa American League kuongoza ligi hiyo kwa wastani wa kupiga. Akarudia 2008 na 2009, na hakuna mdakaji mwingine wa ligi hiyo aliyefikia mara tatu.

Je, washabiki wa 2001 walihukumu vibaya? Hasha, walihukumu kwa ushahidi uliokuwapo, na ushahidi huo ulikuwa mzuri kuliko uliokuwa mikononi mwa watu wa 1966. Kanuni ya James ilihusu mamia ya vijana, wala haikuahidi lolote juu ya bega la mmoja. Kosa lao, kama lipo, lilikuwa kudhani kwamba nia ya kubana fedha haiwezi kukaa pamoja na uchaguzi mwema. Huenda Minnesota ilimchagua Mauer kwa sababu ya bei, huenda kwa sababu ya kipaji. Kijana aliyekosa mpira wa tatu mara moja tu katika miaka yake yote ya sekondari hakuwa bidhaa ya kutupwa.

Wala hukumu haikuishia hapo. Mwaka 2010 Mauer alipewa mkataba wa dola milioni 184 kwa miaka minane, na alipoumia kichwa mwaka 2013 akalazimika kuacha udakaji na kucheza kituo cha kwanza, kazi inayotarajiwa mapigo makubwa ambayo hakuwa nayo. Baadhi ya watu wa Minnesota wakaanza tena kulalamika kwamba fedha zimekwenda pabaya, safari hii kwa kuzidi. Mwaka 2024 aliingizwa Cooperstown. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Septemba 30, 2018, baada ya misimu 15 katika timu moja. Katika kipindi cha tisa alitoka chini akiwa amevaa vifaa vya mdakaji, ambavyo hakuwa amevivaa katika mchezo wa ligi kwa miaka mitano, akachuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira mmoja tu. Uwanja mzima ulisimama, naye akatoka.