Kusi hutoka, mkondo huenda

Mwanafunzi wa uzamili aliyesomea sheria au historia, akiingia darasa la utangulizi wa elimu ya bahari, huogopa hesabu. Kabla ya hesabu, ajihadhari na majina. Upepo huitwa kwa unakotoka: kusi hutoka kusini, takriban Aprili hadi Septemba, kaskazi hutoka kaskazini, Desemba hadi Machi. Mkondo wa bahari huitwa kwa unakoelekea. Basi kusi na mkondo wa kaskazini hushika njia moja, ingawa kwa majina utadhani wana ugomvi.

Wala mkondo si mtumwa wa upepo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupita mbele ya Tanzania kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza kasi tu, kwani unalishwa na maji yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, yakapita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kugawanyika karibu na Rasi ya Delgado. Mkondo wa Somalia ndio unaogeuka na misimu: wakati wa kaskazi hushuka kusini, ukakutana na huu wetu karibu na kaskazini mwa Kenya.

Kwenye kujaa na kupwa, mwalimu hana haja ya kuunda istilahi. Pwani yenyewe imepata jina kwa kupwa. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja. Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maji mafu ni ya nusu mwezi, mivuto hiyo inapokatana. (Mafu kwa jina tu: bado hujaa na kupwa mara mbili kwa siku.) Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, hivyo saa za maji husogea kila siku wala hazifuati kalenda ya wiki; wakulima wa mwani wa Paje, huko Unguja, hupanga kazi kwa bamvua, si kwa Jumatatu.

Neno linapungua kwenye jambo moja kubwa: maji baridi ya chini kupanda hadi juu. "Kububujika" linajileta lenyewe, nami silitaki. Chemchemi hububujika kwa nguvu ikaonekana. Maji haya hupanda mita chache kwa siku nzima, hakuna jicho linaloyaona. Heri tuandike kwa urefu, "kupanda kwa maji ya vilindini", kuliko neno fupi linalodanganya.

Sababu yake ilielezwa kihesabu na Msweden Vagn Walfrid Ekman mwaka 1905. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu yanayosukumwa na upepo hayaufuati sawasawa: kaskazini mwa ikweta hupinda kulia, kusini mwake kushoto. Kusi ikivuma sambamba na pwani ya Somalia, maji ya juu huenda kulia, yaani baharini, na ya vilindini hupanda kuziba pengo, yakiwa na virutubishi vya kulisha mimea midogo ambayo ndiyo chakula cha mwanzo cha samaki. Kusi hiyohiyo ikiwa bado upande wa Tanzania, kushoto kwake ni nchi kavu; maji ya vuguvugu husongamana ufukweni, na ya vilindini hubaki chini.