Neno "Safari" na Ramani ya Starehe Nchini Kenya

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyopokewa na lugha nyingine, ni machache yaliyoenea kama neno "safari". Aghalabu wapenzi wa lugha hulitaja kwa fahari, kama ushahidi kwamba Kiswahili nacho kimewakopesha wengine. Hata hivyo, anayekopesha hana budi kutazama alichorudishiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo liliondoka pwani likiwa jina la kazi, likarudi likiwa jina la starehe; na kwamba badiliko hilo la maana liliandamana na badiliko la ardhi yenyewe, yaani nani aruhusiwe kupita wapi, na kwa shabaha gani.

Asili ya neno ni Kiarabu, ambamo "safar" ni mwendo wa kutoka mahali hata mahali. Katika Kiswahili cha karne ya 19 maana hiyo ilipata uzito wa pekee. Safari ilikuwa msafara wa biashara uliotoka Bagamoyo, Pangani au Mombasa kuelekea bara, ukichukua vitambaa, shanga na bunduki, na kurudi na pembe za ndovu na, mara nyingi, watumwa. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au zaidi. Mbele alitangulia kirangozi. Mnyapara aliwasimamia watu. Posho ilipimwa kila siku. Na wenye nchi walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara upite. Maneno haya yote yangali hai, lakini hatima zao zimetofautiana. Posho bado ni chakula na malipo. Mnyapara akawa msimamizi wa vibarua. Hongo, iliyokuwa ada ya njia iliyojulikana na wote, ikawa jina la rushwa. Neno "safari" peke yake ndilo lililopandishwa cheo.

Isidhaniwe kwamba safari za wakati huo zilikuwa mateso matupu. Kwa vijana wengi wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha utu uzima, na kambini hapakukosekana ngoma wala nyimbo. Lakini furaha hiyo ilikuwa ndani ya kazi. Haikuwa sababu ya kuondoka nyumbani. Maandishi ya Waswahili wenyewe yanathibitisha jambo hili. Katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, safari ni mtaji, deni, vita na faida. Katika mkusanyo wa "Safari za Wasuaheli", uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, wasimulizi wanahesabu vituo, bei na hatari za njia. Humo pia yumo Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani. Huyu alitazama miji, mavazi na vyakula vya wageni kwa udadisi mkubwa. Lakini hata yeye alikwenda akiwa mtumishi. Bwana alisafiri kwa hiari yake, naye Selim alisafiri kwa sababu bwana anasafiri.

Reli ndiyo iliyolitenga neno na kazi yake ya kwanza. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Bidhaa zilipopata behewa, msafara wa biashara katika njia hiyo ukakosa maana. Hata hivyo wapagazi hawakutoweka, bali walipata bwana mwingine, naye ni mwindaji tajiri kutoka Ulaya au Marekani. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1904, ikawa mahali pa kuanzia uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wapagazi wake walizidi 200, na wanyama walioangushwa na baba na mwana walikuwa 512. Mizigo, mahema, posho na vyeo vilikuwa vile vile vya msafara wa zamani. Kilichobadilika ni shabaha: mwendo huu haukutafuta riziki. Kitabu cha Roosevelt kilichotoka mwaka 1910 kilisomwa sana, na kwa wasomaji wengi wa Kiingereza safari ikawa uwindaji wa anasa katika nchi isiyo na wenyewe.

Nchi hiyo, bila shaka, ilikuwa na wenyewe. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na ile ya Tsavo mwaka 1948. Tsavo palikuwa pahali pa Waata, mafundi wa upinde mkubwa, ambao kwa vizazi vingi waliwinda ndovu na kuuza pembe kwa wafanyabiashara wa pwani. Yaani walikuwa sehemu ya uchumi ule ule ulioizaa safari ya kwanza. Katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957, wengi wao walikamatwa na kufungwa kwa kosa la ujangili. Wakati huo huo mgeni mwenye leseni aliendelea kuwinda katika maeneo mengine ya nchi, na uwindaji wake uliitwa safari. Tendo moja likapata majina mawili, kwa kutegemea mtendaji. Tofauti hiyo ilidumu katika sheria hadi Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Msitu wa Aberdare unatoa mfano mwingine. Huko, karibu na Nyeri, ilijengwa mwaka 1932 nyumba ya Treetops, juu ya mti, ili wageni wawatazame wanyama usiku. Binti mfalme Elizabeth alikuwa humo mwezi Februari 1952 baba yake alipofariki. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau, ambao msitu huo ulikuwa kambi na ngome yao, waliiteketeza. Ilijengwa tena mwaka 1957. Mti mmoja ulikuwa starehe kwa huyu na uwanja wa vita kwa yule.

Michezo nayo ililichukua neno hili. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia huyo, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo yakaitwa safari. Hapa, hata hivyo, neno lilirudi kwa wananchi kwa namna isiyotazamiwa. Kwa kuwa magari yalipita katika barabara za kila siku, mwanakijiji aliyesimama kando ya njia alikuwa mtazamaji bila kulipa kitu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara 3, na Shekhar Mehta mara 5, na majina yao yakawa methali vijijini. Mashindano hayo yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Yaliporejeshwa mwaka 2021, yalifanyika hasa Naivasha na viungani mwake, katika njia zilizofungwa kwa shughuli hiyo.

Lugha yenyewe ilijibuje? Kiswahili hakikukubali kuliacha neno lake. Kwa mzungumzaji wa kawaida, safari ingali ni mwendo wenye haja: kwenda kazini, mazishini, harusini, hijani. "Safari hii" humaanisha mara hii, kana kwamba maisha yenyewe yahesabiwa kwa miendo. Kwa starehe ya mgeni likatumika neno jingine, "utalii", ambalo lilitiwa muhuri wa dola kwa jina la Chuo cha Utalii kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975. Basi Mkenya apandaye basi kwenda Mombasa wakati wa Krismasi huitwa msafiri. Mgeni aketiye kiti cha pili yake ndiye mtalii. Hata katika muongo wa 2010, wananchi walipohimizwa kuzuru nchi yao, kampeni haikuwaambia watalii wala wasafiri. Iliitwa "Tembea Kenya". Neno lililochaguliwa ni lile litumiwalo na mtu aendaye kwa jamaa zake asemapo kwamba amekuja kutembea tu.

Uchaguzi huo una uzito. Anayetembea hupokewa na mwenyeji, na huuliza hali za watu kabla ya kuuliza habari za simba. Ikiwa historia ya starehe nchini Kenya itaandikwa kwa Kiswahili, haina budi kuanza na wale waliobeba mizigo na wale waliohamishwa njiani. Neno "safari" limewahifadhi wote hao. Wajibu wa wanazuoni wa lugha ni kulisoma hadi mwanzo wake.