Mbio za Magari na Uzio wa Nyandarua

Kila mwaka, karibu na Sikukuu ya Madaraka, madereva wa magari ya porini hukusanyika mahali fulani katika nchi hii, mahali ambapo wao wenyewe hufichwa mpaka siku zinapokaribia. Wengi huja na Land Rover na Range Rover makuukuu yaliyofungwa vyuma mbele na nyuma, mengine yamekatwa na kuungwa upya gereji hata aliyeyatengeneza asingeyatambua. Mbio hizo huitwa Rhino Charge, yaani shambulio la kifaru, na jina limewafaa. Gari hupewa muda wa saa 10 kufikia vituo 13 vilivyotawanywa milimani na makorongoni. Mshindi si yule wa kwanza kufika. Mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo dereva mwenye njia nzuri mbele yake huiacha akateremka gengeni, huku vijana wake wakikimbia kwa miguu mbele ya gari kutafuta upenyo kati ya mawe na miiba.

Mtu akitazama kwa mbali atasema huo ni mchezo wa wenye fedha. Ni kweli, na mimi sioni haja ya kuwatetea. Lakini gari haliruhusiwi kuanza kabla wenyewe hawajachangisha fedha za hisani, na habari za fedha hizo ndizo zilizonifanya niombe nafasi katika jarida letu, maana zimeacha alama juu ya ardhi ambayo wanafunzi walioko shuleni sasa hawatasomewa darasani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini walikuwa hawafiki 400. Pembe ilikuwa na soko ng'ambo, bunduki zilikuwa nyingi, na askari wa wanyama walikuwa wachache. Katika msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare, walibaki wachache waliojificha katika mianzi. Mwaka 1988 Ken Kuhle na wenzake wakaanzisha shirika la hisani lililoitwa Rhino Ark, kwa shabaha moja: kujenga uzio wa nyaya za umeme kwenye sehemu ya mashariki ya hifadhi, pale ambapo mashamba ya watu yanagusana na msitu. Fedha zingetoka wapi? Kuhle alikuwa mtu wa magari, naye akaita watu wa magari. Mwaka 1989 magari 31 yakashiriki mbio za kwanza, na zikapatikana shilingi 250,000.

Sisi tuliokua katika enzi za Harambee tunaijua njia hiyo. Shule ngapi zilijengwa kwa jogoo aliyepigwa mnada mara saba! Tofauti ni kwamba hapa jogoo alikuwa na magurudumu manne.

Lakini nyaya zilipoanza kusimama, waliozishangilia zaidi walikuwa wakulima. Aliyelala jirani na ndovu anajua sababu. Shamba la mahindi au la viazi la mwaka mzima huliwa kwa usiku mmoja. Wanaume walikesha wakiwasha moto na kupiga madebe, na watoto walikesha pamoja nao, asubuhi wakasinzia darasani, au wakachelewa kwa kuwa nyati walikuwa bado njiani. Kwa hiyo wakulima wa pande nyingine wakauliza kwa nini uzio uishie kwa majirani zao. Mradi uliokusudiwa kumlinda kifaru katika pembe moja ya hifadhi ukageuka kuwa mradi wa kuuzunguka mlima mzima. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimeona mipango mingi ikipungua kila inapopita meza moja hadi nyingine. Huu uliongezeka, kwa sababu waliotakiwa kuupokea waliudai wenyewe.

Jambo hilo lina uzito wake, kwani ukingo wa msitu huo ulikwisha kufungwa mara moja kabla. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia Nyandarua na Mlima Kenya. Serikali ya kikoloni ikapiga marufuku ukanda wa maili moja kando ya misitu hiyo, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Upande wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la maili 50, likachomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie walioko ndani. Waliolichimba ni wanavijiji, wanawake wakiwa wengi, kwa kulazimishwa na bila malipo. Dedan Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wa Nyandarua mwezi wa Oktoba, 1956.

Hata mchezo wa magari una kumbukumbu yake hapo. Binti Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, ndani ya sehemu ile ile ya mashariki, usiku ambao baba yake alifariki mwezi wa Februari, 1952. Mwaka uliofuata yakaanzishwa mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwake, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwaka 1954 wapiganaji wakaichoma Treetops.

Uzio wa pili ulimalizika mwaka 2009, baada ya miaka 20, ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Juu ni nyaya za umeme, chini umefukiwa wavu wa kuzuia wanyama wachimbao. Si kwamba ulitatua kila kitu. Taarifa ya uchunguzi wa ndege iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha maelfu ya matanuri ya makaa ndani ya msitu, na mchoma makaa hatishwi na waya kama ndovu. Vifaru wa Nyandarua wenyewe wamebaki wachache, ingawa nchini kote vifaru weusi wamevuka 1,000. Aliyefaidika kwa uhakika ni mkulima, pamoja na mkaaji wa Nairobi anayefungua bomba bila kujua kwamba mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yanajazwa na mito ya mlima huo.

Tena uzio huo haulindwi na mbio. Nyasi zikigusa waya, nguvu ya umeme hupungua, na ndovu hugundua upesi kuliko mhandisi. Kwa hiyo kuna watu walioajiriwa kutoka vijiji vya jirani ambao hutembea kando ya waya wakifyeka na kukaza. Watu huingia kwa malango, wakitafuta kuni kwa utaratibu wa vyama vya jamii vilivyotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2005.

Baada ya Nyandarua, fedha za magari zilikwenda msitu wa Eburu, kisha Mlima Kenya, ambako uzio ulianza kujengwa mwaka 2012. Huko nguzo zinapita katika miteremko ya mlima ule ule uliochimbiwa handaki.