Habari na Mwendo Wake: Toka Pembe Hata Simu



Kila mwaka katika kijitabu hiki twahesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii twaomba ruhusa kuhesabu kitu kingine, ambacho pasipo hicho chama chetu kisingaliweza kusimama. Kitu hicho ni habari, na njia zinazoifikisha kwa watu.

Hapo kale, katika nchi yetu ya Suna, habari ilikwenda kwa sauti na kwa miguu. Pembe ikipigwa, au kilio kikipaa usiku, kila aliyesikia alijua kuna hatari au msiba, naye akatoka nyumbani mwake. Habari hiyo haikupita upeo wa masikio, lakini ndani ya mpaka huo haikuchagua mtu: tajiri na maskini, mzee na mtoto, wote waliipata kwa wakati mmoja.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ikifuatana na nyaya za simu. Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Kisha meli zikazunguka Ziwa, zikitia nanga Homa Bay na Karungu. Habari iliyokuwa safari ya majuma mengi ikafika kwa saa chache. Lakini waya ulikuwa mikononi mwa serikali na wafanyabiashara. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, mapigano yalifika Kisii tarehe 12 Septemba mwaka uo huo, na katika miaka ya vita vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Amri ya kuwaita ilifika upesi. Habari ya kufa kwao, kwa jamaa nyingi, haikufika kamwe. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam hata leo zina jina la wapagazi hao, lakini wengi wao makaburi yao hayajulikani.

Maandishi nayo yalikuwa yakienea. Wamisioni Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na mwaka 1913 wakaanzisha huko mtambo wa kupiga chapa. Gazeti la Kiswahili liitwalo Baraza lilitoka mwaka 1939, na nakala moja iliweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu wengi. Katika Vita ya Pili askari wetu waliandika barua kutoka Uhabeshi na Burma. Hata hivyo, mama asiyejua kusoma alilazimika kumpelekea mwalimu au karani barua ya mwanawe. Sisi makarani twaijua kazi hiyo. Asomaye barua ya mwenziwe huijua siri ya nyumba yake, naye akitaka aweza kupunguza neno au kuongeza.

Ndipo ikaja redio, ikatukusanya tena kusikia pamoja; na baadaye simu ya mkononi, isiyo na waya wowote. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango wa msiba huweza kutoka Mombasa na kufika Migori kabla chai haijapoa. Tumefaidi sana, wala hatutamani kurudi nyuma.

Lakini yatupasa kuungama. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja alifariki, nasi tukapeleka taarifa kwa simu za mkononi peke yake. Wazee wawili wasio na simu, waliochangia chama tangu ujana wao, walisikia habari baada ya kaburi kufunikwa. Walikaa umbali wa mwendo wa saa moja tu. Hakuna mto uliofurika wala njia iliyofungwa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandika orodha.

Hilo ndilo fundisho la historia hii. Kila chombo kipya kimefupisha njia, na kila kimoja kimemwacha mtu nje: asiye na waya, asiyejua kusoma, asiye na simu. Chombo hakimkumbuki huyo. Ni watu wanaomkumbuka.

Kwa hiyo twapendekeza kwa mkutano mkuu kwamba kila tawi lichague tarishi wake, atakayekwenda kwa miguu mpaka nyumba ya kila mwanachama asiye na simu, siku ile ile ya msiba. Nauli yake imeandikwa katika makadirio ya mwaka ujao. Twawasihi msiifute.